Winga Aliyelia kwa Kindali

Tunduma,
Jumapili, 9 Juni 2024

Baba mdogo Eliakim,

Kabla hujasoma mstari wa pili, nakuomba ukae mahali ulipo peke yako. Usimsomee mama mdogo Ruti, usimpe mchungaji akusaidie mwandiko wangu, na ukimaliza uichome jikoni mpaka uone majivu. Ningepiga simu, lakini simu ya kwenu ni ya nyumba nzima, na mimi kokote ninapoongea nahisi kuna mtu nyuma ya mlango. Barua hii anakuletea Tumpale, yule mama wa maharage anayekuja huku kila baada ya wiki mbili. Nimeifunga kwa gundi. Ikifika imefunguliwa, niambie.

Shikamoo. Mimi ni mzima. Mama naye yuko salama kule Vwawa, kifua kimemwachia tangu aanze kunywa maji ya moto asubuhi. Mdogo wangu Lwitiko amemaliza mitihani na anasema imekuwa rahisi, jambo linalonitia wasiwasi. Mimi bado ni karani katika ofisi ya kata, kwa majaribio mpaka Desemba. Mtendaji wetu, mzee Moses, ni mpole, ila hapendi kuulizwa jambo mara mbili. Naogopa kukosea tarehe. Naogopa hata mhuri, kwa sababu ukishagonga haufutiki.

Jambo lenyewe ni hili. Kuna wapenzi wa mpira wa timu ya zamani hapa, Nyota ya Mpaka, iliyokufa nikiwa mtoto. Kila mwaka hukutana kumkumbuka winga wao, Raphaeli Simkoko, aliyevunjika mguu kwenye fainali ya kombe la wilaya mwaka 2001 na hakucheza tena. Mwaka huu wameomba kiwanja chao kipewe jina lake. Mzee Moses akaniagiza nikae nao niandike kumbukumbu za vikao.

Wanakutania kwa kinyozi, karibu na foleni ya malori. Juu ya kioo kuna picha ya timu. Kinyozi akaweka kidole kwa mmoja wa waliochuchumaa, wa tatu kutoka kushoto. Akasema, "Huyu hapa. Mungu alimuumba siku ambayo hakuwa na haraka."

Nikasogea nitazame. Baba mdogo, ni wewe. Masikio yale yaliyosimama ni yako, ni ya marehemu baba, ni yangu ninayoyafunika kwa kitambaa.

Tangu utotoni tunajua unachechemea kwa sababu ulianguka kutoka paa la kanisa. Sijawahi kuuliza zaidi. Sasa nauliza: uliwahi kucheza mpira Tunduma? Nijibu kwa neno moja, nami nitanyamaza.

Mwanao,
Ikupa

Isongole,
30 Juni 2024

Mwanangu Ikupa,

Marahaba. Barua yako ilifika imefungwa vizuri mno. Nimeipasua pamoja na nusu ya tarehe.

Huku ni baridi ya kutoa machozi. Maharage tumevuna, si mabaya. Mbuzi mweusi amezaa mapacha na mmoja anamfuata Ruti mpaka kwaya. Mchungaji amesema akizoea kengele atabatizwa.

Kuhusu swali lako. Watu wenye masikio kama yetu ni wengi, nenda gulioni siku yoyote utawaona. Mimi nilianguka kutoka paa la kanisa tulipokuwa tunabadilisha nyasi kuwa bati. Mpira niliutazama tu kama wengine. Wewe umesomeshwa kwa shida, umepata kazi ya kivuli. Ukiambiwa andika Raphaeli, andika Raphaeli.

Tumpale anakuletea ndoo moja ya maharage. Yaloweke, ya mwaka huu ni magumu.

Halafu, Watson bado anacheka kabla hajafika mwisho wa hadithi?

Baba yako mdogo,
Eliakim

Tunduma,
14 Julai 2024

Baba mdogo,

Shikamoo. Maharage nimeyapokea na nimeyaloweka, asante. Naomba barua hii nayo iende jikoni.

Mimi huweka nakala ya kila ninachoandika. Nimeisoma nakala ya barua yangu mara tatu. Nimeandika "kinyozi". Sikuandika popote kwamba anaitwa Watson.

Unisamehe, nimemuuliza pia mama, kwa kuzungukazunguka. Anasema bati la kanisa lilipandishwa mwaka 1998, na wewe ndiye uliyebaki juu mpaka msumari wa mwisho, ukashuka mzima. Anakumbuka kwamba miaka mitatu baadaye uliletwa nyumbani juu ya lori la maharage, mguu umefungwa kwa vijiti, na wiki iliyofuata ukaja mguu mzima wa ng'ombe kutoka Tunduma, wa nyuma, bila salamu wala jina. Bibi akaupika na hakuna aliyeuliza. Nashangaa familia yetu. Mguu wa ng'ombe unaingia mlangoni na watu wanauliza chumvi iko wapi.

Acha nikusimulie kikao cha Jumamosi, nilivyokisikia.

"Akampita beki wa kushoto," alisema Watson, mashine inanguruma mkononi, mteja ana nusu kichwa.

"Wa kulia," akasema mama Tukuswiga. Enzi hizo aliuza karanga uwanjani, sasa anauza vitenge vya Nakonde, ng'ambo ya mpaka. "Wewe ulikuwa umepanda lori. Ulikuwa unaona migongo."

"Mama, mimi pale juu nilikuwa naona mpaka Zambia."

"Basi ungeona na beki wa kulia."

"Jamani," akasema mteja, "nina mazishi saa nane. Nimalizieni kichwa."

Walicheka. Watson alicheka zaidi, na kweli hakufika mwisho wa hadithi. Nikauliza, kwa ajili ya kumbukumbu, ilikuwaje alipovunjika. Ndipo mama Tukuswiga akasema taratibu, "Mimi nilimshikia kichwa. Alikuwa anamwita mama yake kwa Kindali."

"Kina Simkoko ni Wanyiha, si Wandali," Watson akasema.

"Najua. Najiuliza mpaka leo. Mtu akivunjika mfupa hachagui lugha ya kulilia."

Watson akawasha mashine. Mimi niliandika sentensi ile ya Kindali, lugha yetu, kisha nikaifuta. Jumatatu mzee Moses aliposoma kumbukumbu, kidole chake kilisimama pale pale. "Hapa ulifuta nini?" Nikasema kosa. Akaniambia niandike ukurasa upya. Hakunitazama.

Wapenzi walidhani Raphaeli alihamia Zambia akafia huko. Sasa dereva mmoja wa lori la kahawa amemwambia Watson kwamba yuko hai, Igamba, analima. Wanataka apelekewe mwaliko. Mzee Moses amesema hakuna haja. Mimi nitakwenda Jumamosi ya tarehe 24 Agosti, nikiaga kwamba naenda kumwona mama. Kabla ya Jumatatu ile sikuwahi kumdanganya mkubwa wangu wa kazi. Naogopa, lakini kukaa bila kujua kunaniogopesha zaidi.

Kama kuna la kuniambia, niambie kabla ya siku hiyo.

Ikupa

Isongole,
25 Agosti 2024

Ikupa,

Tumpale alikuwa anamuuguza mama yake, hakupita wiki nyingi. Barua yako nimeipata leo baada ya ibada.

Usiende Igamba.

Ruti anakusalimu.

Eliakim

Tunduma,
1 Septemba 2024

Baba mdogo,

Shikamoo. Wote ni wazima. Pole kwa mama yake Tumpale, nimesikia ameanza kula.

Barua yako imenifikia jana. Nilikuwa nimeshakwenda.

Nilimkuta mtu mrefu kati ya mistari ya kahawa, kikapu kiunoni, mikono imeshika rangi ya maganda. Nikasema natoka ofisi ya kata Tunduma. Akaweka kikapu chini, akaruka mfereji kwa hatua moja akanijia. Nilikuwa nimejiandalia maneno njia nzima, yakanitoka kabla sijafikiri: "Pole sana kwa mguu."

Akautazama wa kulia, akautazama wa kushoto. "Upi?"

Alicheka mpaka akashika mti. Akasema mwaka ule alikuwa Kitwe, Zambia, anabeba mizigo sokoni. Aliondoka katikati ya mashindano bila kuaga, kabla hajacheza hapa Tunduma hata mechi moja, na leseni yake ya mchezaji ikabaki kwa katibu wa timu. Timu ilikuwa imeingia nusu fainali bila winga. Kanuni ilisema wachezaji wawe wa wilaya ya Mbozi tu, walioandikishwa mapema. Basi wakaazima mtu kutoka Ileje, huko kwenu, wakabandua picha ya Raphaeli kwenye leseni, wakabandika ya yule. Mchezaji wa namna hiyo wanamwita mamluki. Neno baya sana kwa mtu aliyefunga mabao matatu katika mechi mbili.

"Niliporudi," akasema, "nikakuta nimeshakuwa shujaa na nimeshakuwa kilema. Nikikataa wanasema angalia alivyo mnyenyekevu. Msibani watu wananipa kiti. Nikinyanyuka kwenda kubeba jeneza, wananirudisha nikae."

Halafu akaacha kucheka. Akauliza, "Yule aliyevunjika mguu wangu, yuko hai?"

Nikasema sijui anamzungumzia nani. Ulikuwa uongo wangu wa pili kwa safari hiyo.

"Sikuwahi kujua jina lake," akasema. "Katibu ndiye anajua. Moses. Si yuko huko huko kwenu?"

Ndiyo, baba mdogo. Katibu wa timu ndiye mtendaji wangu. Nilikaa kwenye jiwe kidogo kabla ya kuondoka.

Sasa nisikilize. Fomu ya jina la uwanja inatakiwa halmashauri tarehe 30 Septemba. Mzee Moses ameniagiza niandike Raphaeli Simkoko. Chini kabisa kuna mstari: "Nathibitisha kwamba jina hili nimelihakiki." Anayesaini hapo ni karani. Nikisaini nimeandika uongo ninaoujua, na jina lako halitarudi tena. Nisiposaini, nadhani kazi yangu imeishia hapo, na Lwitiko bado ana miaka miwili ya chuo.

Nauliza moja tu. Mama anasema mguu ule ungepona kama ungefika hospitali. Nani alikuzuia? Ni mzee Moses? Kila asubuhi namwamkia mtu yule, nataka kujua namwamkia nani.

Ikupa

Isongole,
15 Septemba 2024

Mwanangu,

Amani ya Bwana iwe nawe. Ruti amejua kwamba naandika kitu, maana nimemaliza kalamu mbili na kwetu kalamu moja hukaa mwaka. Nimemwambia ni mambo ya ushirika. Hakuniamini, akaniletea uji.

Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Moses aliniona nikicheza kwenye gulio la Itumba, peku, akanifuata mpaka nyumbani. Aliniambia ni mechi mbili tu. Nilikubali kabla hajamaliza. Hakuna aliyenilazimisha, weka hilo kwanza.

Hujui ilivyo, Ikupa. Watu elfu wanakuita. Walikuwa wakiimba "Rafa, Rafa", na mara mbili za kwanza niligeuka kumtafuta huyo Rafa. Mara ya tatu sikugeuka tena. Nilikuwa nimeshalizoea.

Beki alikuwa wa kulia. Mwambie Watson.

Nilipoanguka, Moses mwenyewe alinibeba mgongoni mpaka hospitali. Hakunizuia. Kulikuwa na dirisha, na nyuma yake karani, msichana kama wewe, ana daftari la jalada la bluu. Akauliza, "Jina la mgonjwa?" Kalamu imeshagusa karatasi. Moses akaninong'oneza, "Taja la kwako. Kombe tutalirudisha."

Barabarani walikuwa bado wanaimba. Ningesema Eliakim Kibona, kombe lingechukuliwa, na wale wote wangekuwa wamemwimbia mtu ambaye hayupo. Ningesema Raphaeli, niliogopa. Niliona mguu wangu ulivyokaa, nikadhani nakufa. Nikifa humo kama Simkoko, watanipeleka Igamba nikazikwe na watu wasionijua, na mama yangu atakaa mlangoni akinisubiri. Nikanyamaza.

Akauliza mara ya pili. Nikanyamaza. Akasema, "Kaka, kuna wengine nyuma yako." Nikamwambia Moses anirudishe nyumbani. Alilia njiani, mimi sikulia. Mzee wa kuunga mifupa aliunga alivyoweza, ukashika upande.

Mguu ule ulikuwa wa ng'ombe wa zawadi ya kombe. Niliula. Nilikuwa na njaa.

Kwa hiyo usimchukie Moses. Mwamkie. Na fomu, andika Raphaeli, saini, ulinde kazi yako. Jina nililinyamazia mwenyewe, si la kudai sasa.

Ruti anakuja. Naishia hapa.

Eliakim

Tunduma,
6 Oktoba 2024

Baba mdogo,

Shikamoo. Mama ni mzima. Lwitiko mitihani haikuwa rahisi, kama nilivyohofu, ila amepita. Barua yako sikuichoma. Nimeshindwa. Imo ndani ya foronya ya mto wangu, na huu ni uzembe wa kwanza nilioufanya kwa makusudi.

Tarehe 27 Septemba nilimpelekea mzee Moses fomu, mstari wa jina mtupu, sahihi yangu haipo.

"Jina liko wapi?"

"Sijalihakiki, mzee."

Aliiweka mezani akainyoosha kwa viganja, ingawa ilikuwa imenyooka. Akauliza, "Kwenu ulisema ni wapi?"

"Isongole."

"Nilijua siku ya usaili," akasema. "Kitambaa kilikuwa kimekuteleza. Masikio hayo nilikuwa nimeyaona kwa mtu mmoja tu."

Sikukutaja, nakuapia. Masikio ndiyo yaliyokutaja. Na mpaka leo sijui kama alinipeleka kwa Watson kwa makusudi au kwa sababu karani mwingine alikuwa likizo. Sikuthubutu kuuliza.

Aliniuliza kama unatembea. Nikasema unatembea, unalima, una mbuzi mapacha. Akageukia dirisha. Kisha akasema, "Nilikuwa naandika Raphaeli kila mwaka kwa sababu ndilo jina alilokubali libaki. La kwake hakunipa ruhusa. Siwezi kuliandika mpaka alitaje mwenyewe." Amepiga simu halmashauri, wameongeza siku mpaka mwisho wa Oktoba. Kuhusu kazi yangu hakusema neno. Nahesabu siku mpaka Desemba.

Bango la uwanja limeshachorwa, nusu. Limeandikwa UWANJA WA, na baada ya hapo ni rangi nyeupe tupu. Watu wanauliza, fundi anawaambia rangi nyeusi imemwishia. Mama Tukuswiga alilitazama, akanitazama mimi, akasema atasubiri, ameshasubiri zaidi ya hapo. Kuhusu beki wa kulia sijamwambia Watson. Nimekuachia wewe.

Raphaeli anakuja. Amesema atasimama kando yako ili watu waione miguu yote minne kwa pamoja, wenyewe wachague.

Ni Jumamosi, tarehe 26 Oktoba, saa nne asubuhi. Sikuombi uje kwa ajili ya kazi yangu. Usipokuja, nitaelewa, na fomu nitairudisha tupu. Ila ukija, mwambie mama mdogo Ruti ukweli kabla hujatoka. Nadhani anaujua kuliko mimi.

Usinipigie simu ofisini. Panda gari la alfajiri, shuka kabla ya stendi, pale foleni ya malori inapoanzia. Fuata malori kwa upande wa kushoto mpaka uone kinyozi mwenye kioo nje. Usiingie kwake, atakuchelewesha. Nyuma yake kuna ghala la mahindi lenye ukuta wa kijani, na nyuma ya ghala ndipo ulipo uwanja, pale pale unapopafahamu. Mlango ni mmoja tu.

Mlangoni utaona meza yenye kitambaa cheupe. Mimi nitakuwa nyuma yake na daftari la wageni. Sikuchagua jalada, yote dukani yalikuwa ya bluu. Mzee Moses atakuwa amesimama pembeni yangu. Unisamehe, sitainuka kukuamkia na sitakuita baba mdogo mbele ya watu. Nitakuuliza jina, kama nitakavyomuuliza kila atakayepita, kalamu ikiwa imeshagusa karatasi.

Usiwe na haraka. Foleni ikifika hata barabarani, nitasubiri.

Karani wa mlangoni,
Ikupa Kibona